Anakonda Huku Anavimba: Tumsaidie Mgonjwa wa Moyo Kabla ya Kumhukumu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



 Sisi tunatoka Nairobi. Kazi yetu ni kuwatembelea wagonjwa manyumbani katika mitaa ya Kibera na Kawangware. Sisi si madaktari. Sisi ni wafanyakazi wa huduma za jamii, na kazi yetu kubwa ni kubisha hodi, kukaa pale tunapoonyeshwa, na kusikiliza.

Labda mtauliza: mambo ya Kibera yanatuhusu nini sisi tunaolima huku? Yanawahusu sana. Mtu akizidiwa na ugonjwa Nairobi, na kodi ya nyumba ikimshinda, jamaa zake humpandisha basi la usiku wakamleta nyumbani. Asubuhi anateremshwa stendi amekonda hata mama yake mzazi anashtuka. Mtakaompokea ni nyinyi. Na vile mtakavyompokea ndivyo vitakavyoamua mambo mengi.

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo moja: kukonda vibaya kwa mtu ambaye amekuwa na ugonjwa wa moyo kwa muda mrefu.

TUONE: MAMBO MAWILI TULIYOYASHUHUDIA

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Kule Kawangware, upande wa Gatina, tulikuwa tukimtembelea fundi viatu mmoja, mtu wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa ameambiwa hospitalini kwamba moyo wake umedhoofika kwa sababu ya presha aliyokaa nayo miaka mingi bila kujua. Kila mwezi tulimpima kwa mizani. Mwezi wa kwanza kilo 58. Mwezi wa pili kilo 58. Mwezi wa tatu kilo 59. Tukafurahi. Tukaandika katika daftari letu: "Anaendelea vizuri."

Dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimwosha, alituambia, "Lakini huyu kaka yangu anaisha. Shati linamning'inia mabegani, na viatu haviingii." Hatukumsikiliza. Tuliamini mizani. Majuma machache baadaye yule ndugu alifariki.

Tulipokaa na muuguzi mmoja kumweleza, ndipo alipotufungua macho. Kilo zilikuwa zile zile, lakini nyama haikuwa ile ile. Nyama ya mwili ilikuwa ikitoka, na maji yakiingia mahali pake. Mizani haiwezi kutofautisha nyama na maji. Yule dada aliyemwosha alijua kuliko sisi wenye daftari.

Jambo la pili tuliliona Kibera, kule Gatwekera. Mama mmoja muuza mboga alianza kuchoka na kukosa pumzi baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Alikwenda hospitali, akaambiwa ni moyo, akapewa dawa. Lakini aliendelea kukonda, mashavu yakaingia ndani. Majirani wakaanza kunong'ona, "Si unaona mwenyewe? Ni ule ugonjwa." Wateja wakapungua mmoja mmoja. Mama huyu alipimwa virusi vya Ukimwi mara mbili, na mara zote mbili hakuwa navyo. Lakini atamwonyesha nani karatasi? Akaona haya kutoka nje, akaacha kwenda kiliniki. Mboga zilinyauka kibandani, watoto wakawa wanalala na uji.

Tena alikuwa ameacha ile dawa ya kupunguza maji mwilini, ile watu wanayoiita dawa ya kukojoa. Tukamwuliza sababu. Akasema, "Naimeza jioni nikipata nafasi, halafu usiku mzima nataka choo. Choo ni cha kulipia, usiku kimefungwa, na huko nje kuna hatari." Jamani, huyu si mkaidi. Huyu ni mama anayeishi Kibera. Muuguzi alipopata habari hiyo alimwambia kitu kimoja tu: ameze asubuhi. Hakuna aliyewahi kumwuliza kuhusu choo.

TUCHUNGUZE: KWA NINI TUNAHUKUMU?

Hatuhukumu bure. Macho yetu yamefundishwa na msiba. Ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka wa 1984. Jirani zetu wa Uganda waliuita "slim", yaani ugonjwa wa kukonda. Mwaka wa 1999 serikali yetu iliutangaza kuwa janga la kitaifa. Kwa miaka hiyo yote tulizika watu waliokonda, basi mpaka leo tukimwona mtu amekonda tunafikiri tumeshajua jibu. Na hata kabla ya Ukimwi, ndugu zetu Wajaluo walikuwa na neno chira, kukonda kwa mtu anayedhaniwa amevunja mwiko. Katika makabila mengine pia, aliyekonda huulizwa amefanya nini.

Lakini leo jicho linadanganya pande zote mbili. Mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri unaweza kukaa naye kwenye benchi la kanisa miaka kumi usijue, maana ana afya kama wewe. Na anayekonda anaweza kuwa na kifua kikuu, au sukari, au saratani, au moyo. Wengine wana magonjwa mawili kwa pamoja. Kwa hiyo hatusemi "huyu si Ukimwi" wala "huyu ni moyo" kwa kumtazama. Tunasema: apimwe. Na akiwa na virusi, bado ni ndugu yetu, na dawa zipo.

TUELEWE: MOYO NA NYAMA YA MWILI VINAHUSIANA VIPI?

Moyo ni pampu. Mnaijua pampu ya maji ya shambani. Ikichoka, mambo mawili hutokea. Kule mbali juu maji hayafiki, mimea inanyauka. Na huku chini maji yanatuama, panakuwa tope. Ndivyo ilivyo mwilini. Damu haifiki vizuri kwenye misuli, kwa hiyo mtu anachoka. Na maji yanatuama miguuni, tumboni na kwenye mapafu, kwa hiyo anavimba na kukosa pumzi.

Sasa, kwa nini anakonda? Kuna sababu kadhaa zinazofanya kazi pamoja.

Kwanza, utumbo wenyewe umevimba na ini limejaa. Tumbo linabanwa. Mgonjwa akila vijiko vitano anashiba. Si maringo, wala hajachukia mapishi ya mke wake. Amejaa kweli. Na hata kile anachokula, utumbo haukichukui chote.

Pili, kupumua kumekuwa kazi. Mtu anayehema usiku na mchana anatumia nguvu hata akiwa amekaa tu kitini.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mwili unaona uko katika hatari. Unatoa kemikali za kupambana, na kemikali hizo zinavunja nyama ya mwili ili itumike kama kuni. Ni kama nyumba iliyoishiwa na makaa, wakaanza kuchoma viti, halafu meza, halafu mlango. Chakula kitaiva leo, lakini nyumba inaisha.

Hili si jambo jipya. Hippocrates, daktari wa Wagiriki wa kale, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, anatajwa kuwa alieleza wagonjwa ambao tumbo na miguu hujaa maji huku mabega na kifua vinayeyuka. Katika nyakati zetu, mwaka wa 1997, madaktari wa London walitoa matokeo ya wagonjwa 171 wenye moyo uliodhoofika. Wagonjwa 28 kati yao walikuwa wamekonda hivi. Baada ya miezi 18, kama nusu ya hao waliokonda walikuwa wamefariki, na hao wengine walifariki wachache zaidi. Hatuwaambii haya kuwatisha. Tunawaambia ili mjue kwamba kukonda huku ni kengele. Ikilia tusikae tu kunong'ona.

Wala msidhani moyo ni ugonjwa wa matajiri wanene. Kati ya mwaka wa 2007 na 2010, hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, zilichunguza wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Hao ni watu ambao bado wana watoto shuleni. Sababu kubwa ilikuwa presha, karibu nusu yao. Wengine moyo ulikuwa umeharibika tangu utotoni kwa homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa, hasa penye msongamano wa watu. Na wengine ni akina mama ambao moyo hudhoofika mwisho wa mimba au miezi ya kwanza baada ya kujifungua, kama yule mama wetu wa Gatwekera.

TUTENDE: KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Tutazame vizuri. Usiangalie mizani peke yake. Tazama panja pamoja na mitulinga, yaani ile mifupa ya chini ya shingo. Tazama mabega, mikono ya juu na mapaja. Kisha bonyeza mguu juu ya kifundo kwa kidole. Shimo likibaki, kuna maji. Akikonda juu na kuvimba chini, usingoje kiliniki ya mwezi ujao. Kuna njia nyingine isiyo na gharama: chukua uzi, pima mzunguko wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, funga fundo. Baada ya mwezi pima tena kwa uzi ule ule. Uzi ukilegea, nyama inapungua.

2. Mizani isitupwe, ila tujue inasema nini. Mgonjwa ajipime asubuhi baada ya kwenda choo, kabla ya kula. Akiongeza zaidi ya kilo 2 katika siku 3, hayo ni maji, arudi hospitali upesi. Na akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya mwaka bila kutaka, hali maji hayakuwa yamejaa, daktari aambiwe. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 3 tu.

3. Dawa zisikatike. Mtu akiletwa nyumbani kutoka Nairobi, kitu cha kwanza kuuliza, hata kabla ya chai, ni hiki: kadi ya kiliniki iko wapi, na dawa zimebaki za siku ngapi? Wengi huzidiwa kwa sababu dawa ziliisha safarini na hakuna aliyejua pa kuzipata. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu akiwa na kadi ile. Na kama kuna sababu inayomfanya aache dawa, kama ile ya choo, isemeni mbele ya muuguzi bila aibu.

4. Chakula kidogo kidogo, mara nyingi. Usimwekee sima ya mlima halafu ukasirike akiacha. Mpe kidogo mara tano au sita kwa siku. Kila kidogo kiwe na nguvu: yai, maziwa, maharagwe au ndengu zilizoiva vizuri, omena, samaki, karanga zilizosagwa ndani ya uji wa wimbi, parachichi. Apumzike kabla ya kula, na akae wima. Kuhusu maji ya kunywa, fuateni kipimo alichopewa kiliniki. Kama ana ugonjwa wa figo au sukari, ulizeni kwanza.

5. Chumvi ipungue. Chumvi hushika maji mwilini. Na akina mama, tuambiane ukweli: chumvi si ile ya kwenye kopo peke yake. Magadi tunayotia kwenye mboga na githeri yana madini yale yale ya sodiamu. Vile viungo vya mchuzi vya pakiti na vya vipande vina chumvi nyingi. Tumieni kitunguu, nyanya, dania, tangawizi na ndimu. Mtoeeni mgonjwa mboga yake kabla hamjatia chumvi ya wengine, asipikiwe peke yake kama aliyetengwa.

6. Tuogope tembe za kunenepesha. Jambo hili linatuuma. Mtu aliyechekwa kwa kukonda anakwenda kemisti anauziwa tembe za kuongeza mwili. Baadhi zina dawa aina ya deksamethasoni au prednisoloni. Uso unajaa, majirani wanasifu, kumbe ni maji yamezidi, na misuli inazidi kuisha. Vilevile dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumzidishia mgonjwa wa moyo maji. Asinunue yoyote bila kuuliza. Hadi leo hakuna tembe inayotibu kukonda huku peke yake. Kinachosaidia ni kutibu moyo wenyewe, kula, na kujongeza mwili.

7. Asilazwe kutwa. Misuli isiyotumika huisha haraka. Daktari akiruhusu, atembee taratibu mpaka kwa jirani na kurudi, akipumzika akichoka. Kijana wa kikundi ampe mkono.

8. Kufunga na maombi. Tuombe, ndiyo. Lakini Kanisa halimdai mgonjwa kufunga, hata wakati wa Kwaresima. Kumnyima chakula mtu ambaye nyama yake inaisha si ibada. Na mtu asiambiwe atupe dawa ili kuonyesha imani.

9. Tuzuie mapema. Kila mkutano wa kikundi upimwe presha. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa vifaa mwaka wa 2023, mashine ya presha ikiwemo. Mwalikeni wa kwenu. Mtoto mwenye maumivu makali ya koo na homa apelekwe kituo cha afya, na akianza kuumwa viungo vikivimba kimoja baada ya kingine, ndiyo zaidi. Mtoto ambaye ameshapata homa ya baridi yabisi huandikiwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Msikose hata moja. Pia mjiandikishe SHA iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, mjiandikishe mkiwa wazima, msingoje siku ya kubebwa kwa mkokoteni.

YULE MAMA WA GATWEKERA

Mtataka kujua yule mama aliishia wapi. Wanajumuiya wenzake walikuja kuungama kwamba nao walinong'ona. Wakagawana kazi. Mmoja alimsindikiza kiliniki kila mwezi, ili asitazamwe peke yake. Wawili walikaa kibandani kwake zamu kwa zamu. Chama chao cha kuzungushiana pesa kilimpa zamu yake mapema, akanunua mayai na maziwa na kulipa madeni. Dawa akameza asubuhi. Uvimbe ulishuka kwanza, na kwa majuma machache alionekana amekonda zaidi, maana maji yalitoka na mifupa ikaonekana. Tulikuwa tumeonywa, kwa hiyo hatukukata tamaa. Baada ya miezi kadhaa nyama ya mikono ilianza kurudi. Leo anauza mboga tena, si siku zote, na hapandi mlima na gunia. Lakini anauza.

Hatutawadanganya kwamba wote hupona. Wengine moyo umechoka sana. Huyo naye ana haki yake: asiachwe peke yake gizani, apunguziwe maumivu na kukosa pumzi, aletewe padre kwa Mpako wa Wagonjwa, na watoto wake wajue nani atawatunza. Kumhudumia mtu asiyepona si kazi bure.

Ndugu zangu, fundi viatu wetu hatukumsaidia kwa sababu tulitazama namba. Yule mama nusura tumpoteze kwa sababu watu walitazama mashavu. Wa tatu labda yuko ndani ya basi la usiku sasa hivi, anakuja kwenu. Mkimwona, tazameni mabega yake na miguu yake, mwulizeni kadi yake, mpeni uji kidogo. Maneno mengine yangoje.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kijiji chetu kuna mtu aliyekonda ambaye tumeacha kumtembelea? Kwa nini tuliacha?
2. Ni nani kati yetu anayemwosha au kumpikia mgonjwa? Tumewahi kumwuliza anaona nini?
3. Mgonjwa akiletwa kutoka Nairobi leo, dawa zake tutazipata wapi, na nani atamsindikiza?
4. Kikundi chetu kinaweza kutenga kiasi gani kila mwezi kwa mayai, maziwa na nauli ya mgonjwa mmoja?